Kabla hujaingia kwenye hoorzitting: jinsi ya kukagua kama kamati ya pingamizi ya gemeente ni huru

Barua ya gemeente, yaani manispaa hapa Uholanzi, ikifika kukuambia kwamba pingamizi lako dhidi ya uamuzi wake litasikilizwa na kamati kwenye hoorzitting, yaani kikao cha kusikilizwa, wengi wetu tunatafuta vitu viwili tu: tarehe na saa. Tafuta na majina. Mara nyingi yako chini kabisa au kwenye karatasi ya pili, pamoja na vyeo: voorzitter ni mwenyekiti, lid ni mjumbe, secretaris ni katibu. Kama hayapo, kazi yako ya kwanza ni kuyaomba. Hao ndio watakaoshauri kama uamuzi uliokuumiza ubaki au ubadilishwe, na ni halali yako kuuliza wanamfanyia nani kazi.

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi mkoa wa Brabant, kusini mwa Uholanzi. Alhamisi jioni nakaa kwenye nyumba ya mtaa, buurthuis, nasoma barua pamoja na watu: Warundi, Wakongo wa Uvira na Bukavu, Wakenya, Watanzania wenzangu. Si wakili. Ila barua za bezwaar, yaani pingamizi, zimepita nyingi mezani pale, na malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale: hii ni kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, gemeente imenikatia halafu gemeente ndiyo inanisikiliza. Wasiwasi huo ni wa haki. Sheria ya hapa ina jibu, lakini ni fupi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa ya jibu hilo iko mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Sheria inadai nini hasa

Sheria yenyewe ni Algemene wet bestuursrecht, ambayo kila mtu anaiita Awb, inayotumika tangu 1 Januari 1994. Kwa sheria hiyo pingamizi linarudi kwa chombo kilekile kilichotoa uamuzi. Hakuna hila hapo. Ndivyo lilivyokusudiwa: kabla mambo hayajafika mahakamani, chombo kilichoamua kinatakiwa kuuangalia uamuzi wake upya, wote, sheria na busara yake. Hiyo iko kifungu cha 7:11. Kuunda kamati si lazima. Gemeente inaweza kukusikiliza kwa kutumia maofisa wake, na nyingi zinafanya hivyo kwa mambo fulani.

Lakini ikiamua kuwa na kamati ya ushauri ya kifungu cha 7:13, basi kamati hiyo lazima iwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti asiwe sehemu ya chombo kinachoamua, wala asifanye kazi chini ya mamlaka yake. Na kamati itimize masharti mengine yoyote yaliyowekwa na sheria au kanuni.

Soma tena sharti la uhuru. Linamtaja mwenyekiti peke yake. Wajumbe wawili wanaokaa kulia na kushoto kwake Awb haiwazuii kuwa waajiriwa wa gemeente. Katibu haitajwi kabisa katika masharti hayo, na kwa kawaida katibu ni mwanasheria wa gemeente, anayekaa ofisi moja na yule atakayekuja kutetea uamuzi. Watu wanashtuka nikiwaambia hivi. Afadhali ushtuke mezani kwangu kuliko ndani ya kikao, ukasimama na kudai jambo ambalo sheria haikupi, ukapoteza dakika zako na utulivu wako.

Kuna jambo jingine dogo katika maneno ya kifungu hicho. Linasemwa "chombo", si "gemeente". Gemeente moja ina vyombo vitatu vya utawala: raad, yaani baraza la madiwani, college, yaani meya na wethouders, viongozi wanaoendesha mji pamoja naye, na meya mwenyewe. Uamuzi wa msaada wa nyumbani, wa uitkering (posho ya kujikimu) au wa kibali cha kujenga kwa kawaida ni wa college. Kwa herufi za Awb peke yake, diwani si sehemu ya college. Kwa hiyo ukimkuta diwani wa mji wako amekalia kiti cha mwenyekiti, usikimbilie 7:13. Nenda kwenye hati ninayoieleza sasa hivi.

Hati ambayo hakuna anayeifungua

Kila gemeente yenye kamati ina kanuni yake ya kamati hiyo. Jina hubadilika kidogo, lakini tafuta maneno "verordening commissie bezwaarschriften" pamoja na jina la mji wako. Kanuni zote za gemeente zimewekwa hadharani kwenye tovuti ya serikali, overheid.nl, sehemu ya lokale regelgeving. Huhitaji nywila wala DigiD, kile kitambulisho cha kuingilia tovuti za serikali. Nyingi zinafanana kwa sababu muungano wa gemeente zote, VNG, ulitoa mfano wa kanuni ambao miji mingi iliunakili, wengine neno kwa neno, wengine wakipunguza na kuongeza. Ndiyo maana lazima usome ya mji wako, si ya mji wa shemeji yako.

Ndani yake tafuta kifungu cha muundo wa kamati, samenstelling. Katika miji mingi utakuta kinasema mwenyekiti NA wajumbe wasiwe sehemu ya chombo chochote cha utawala cha gemeente, wala wasifanye kazi chini ya mamlaka yake. Umeona tofauti? Awb ilimfunga mwenyekiti tu. Kanuni ya mji imewafunga wote, na kwa vyombo vyote vitatu. Diwani naye hapo anatoka. Na kanuni hii si mapambo: 7:13 yenyewe inasema kamati itimize masharti mengine yaliyowekwa kisheria. Mji ukijiwekea sharti gumu zaidi, unafungwa nalo.

Tafuta pia kifungu kinachosema mwenyekiti na wajumbe hawashiriki kwenye pingamizi ambalo kutopendelea kwao kunaweza kutiliwa shaka. Kimo katika kanuni nyingi. Hicho ndicho utakachokitumia kama mjumbe si mwajiriwa wa gemeente lakini ni jirani wa mtu aliyepewa kibali unachokipinga, au ofisi yake inalipwa kwa kazi inayohusu jambo lako. Na tafuta kifungu cha idadi: wangapi lazima wawepo ili kikao kiwe halali, na nani anashika kiti mwenyekiti asipokuwepo.

Nikueleze jinsi hili linavyokwenda. Kuna mama mmoja wa Uvira, sote tunamwita Bibi. Alikuwa na saa za msaada wa kazi za nyumbani kupitia sheria ya msaada wa jamii, Wmo, ya 2015. Alikuja ofisa, wakafanya ile keukentafelgesprek, mazungumzo ya mezani jikoni, chai ikanywewa, na baadaye ikaja barua: saa zimepunguzwa. Bibi akapinga. Barua ya kikao ilipofika ilikuwa na majina manne. Binti yake akayatafuta moja moja kwenye intaneti. Mwenyekiti alikuwa mhadhiri wa sheria, hana kazi pale mjini. Lakini mjumbe mmoja, kwa maelezo yake mwenyewe ya LinkedIn, alikuwa mwajiriwa wa gemeente ileile, idara ya masuala ya jamii. Si yeye aliyeandika uamuzi. Kwa Awb tupu, hakuna kosa. Tulipofungua kanuni ya mji, ilitaka wote wawe watu wa nje ya gemeente. Tukamwandikia katibu barua pepe fupi, tukataja namba ya kifungu cha kanuni, bila neno kali hata moja. Mjumbe akabadilishwa kabla ya kikao. Hakukuwa na ugomvi wowote. Nina imani kwamba tungeandika tu "kamati yenu si huru", tungepata jibu la heshima lisilosema kitu.

Kuuliza, na kuuliza mapema

Usisubiri siku ya kikao. Ukipata barua, mwandikie katibu siku hiyohiyo au kesho yake. Sentensi hii ya Kidachi inatosha, iandike kama ilivyo, pamoja na namba ya pingamizi lako:

"Graag verneem ik wie als voorzitter en leden aan de hoorzitting deelnemen, en of een van hen deel uitmaakt van of werkzaam is onder verantwoordelijkheid van een bestuursorgaan van de gemeente."

Unauliza mambo mawili: nani watakuwepo, na kama kuna miongoni mwao aliye sehemu ya chombo cha gemeente au anayefanya kazi chini yake. Tuma kwa barua pepe ili ubaki na nakala. Simu haiachi alama.

Ukitaka kuona uamuzi wa kuwateua, benoemingsbesluit, uombe pia kwa katibu. Kuna njia rasmi ya kudai hati za serikali kwa sheria ya Wet open overheid, Woo, iliyoanza Mei 2022, ila muda wake ni wiki nne na unaweza kuongezwa wiki mbili. Kikao chako kitakuwa kimepita. Katibu mwema atakutumia faili siku ileile.

Halafu dai jalada. Kifungu cha 7:4 kinakupa haki ya kuona karatasi zote zinazohusu jambo lako angalau wiki moja kabla ya kikao, na wewe unaweza kuongeza karatasi zako hadi siku kumi kabla. Kwenye jalada ndipo utakapojua nani alishiriki kuandaa uamuzi: saini, majina kwenye barua pepe za ndani, jina la aliyefanya uchunguzi. Linganisha majina hayo na majina ya kamati, pamoja na katibu. Kulinganisha huku hakuchukui muda, na ndiko kunakofichua makosa yanayouma kweli, kwa sababu kifungu cha 2:4 kinataka gemeente ifanye kazi yake bila upendeleo na izuie wafanyakazi wenye maslahi binafsi wasiathiri uamuzi. Katibu kuwa mwajiriwa si kosa. Katibu aliyesaidia kuandika uamuzi wenyewe, halafu akaandika rasimu ya ushauri wa kamati, hilo ni jambo la kulisema kwa sauti.

Lugha. Kikao kitakuwa cha Kidachi. Kifungu cha 2:1 kinakuruhusu kuja na mtu wa kukusaidia au kukuwakilisha. Uliza mapema kama gemeente itatoa mkalimani. Usitegemee kwamba atakuwepo. Na usimlete mtoto wako wa miaka kumi na mbili atafsiri habari za magonjwa yako mbele ya wageni. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona mara kwa mara. Juridisch Loket wanatoa ushauri wa kisheria bure, na wakiona jambo lako ni zito wanaweza kukuelekeza kwa wakili anayesaidia watu wa kipato cha chini. Nenda kwao mapema.

Kama hakuna kamati kabisa

Pengine barua itasema utasikilizwa na ofisa, au utapigiwa simu. Hapo 7:13 haihusiki. Kinachokulinda ni kifungu cha 7:5. Akiwa mtu mmoja, asiwe alishiriki kuandaa uamuzi. Wakiwa wengi, walio wengi wasiwe walishiriki, akiwemo anayeongoza. Sharti hili haliwahusu wenye chombo wenyewe, kama wethouder akiamua kukusikiliza yeye binafsi, ila hilo ni nadra.

Tofauti nyingine ni muda. Gemeente yenye kamati ya 7:13 ina wiki kumi na mbili za kuamua. Isiyo nayo ina sita. Zinahesabiwa kuanzia siku inayofuata baada ya muda wako wa kupinga kuisha, na zinaweza kuongezwa sita. Sasa fikiria: kama kamati haikutimiza masharti ya 7:13, gemeente imejipa wiki kumi na mbili kwa msingi gani? Hoja hiyo ni ya kweli, iandike. Muda ukipita kabisa bila uamuzi, unatuma ingebrekestelling, barua ya kuwaambia wamechelewa, na baada ya wiki mbili faini ya kila siku inaanza kuhesabiwa kwa faida yako.

Kuhusu simu: maofisa wengi siku hizi wanapiga kwanza ili kuona kama jambo linaweza kumalizwa kwa mazungumzo. Ni njia nzuri, na nimeona pingamizi zikiisha vizuri kwa simu. Ila usilifute pingamizi lako kwa ahadi. Lifute uamuzi mpya ukiwa mkononi, kwa maandishi, umeshausoma na mtu anayejua Kidachi. Na kumbuka ndani ya kikao unaweza kulifuta hata kwa mdomo. Kwa hiyo ukiulizwa kwa upole kama bado una haja nalo, usiitikie "ja, ja" kwa adabu yetu ya pwani na bara.

Pingamizi za kodi na thamani ya nyumba, WOZ, zina njia yake tofauti. Siziingizi hapa.

Siku yenyewe

Fika mapema. Angalia mlangoni nani anaingia na nani. Ndani utakuta meza zimepangwa, kamati upande mmoja, wewe upande mwingine, na mwakilishi wa gemeente. Mwakilishi huyo si adui aliyejipenyeza: 7:13 inataka aitwe na apewe nafasi ya kueleza msimamo wao. Kinachotakiwa ni kwamba abaki upande wake.

Mwenyekiti atawatambulisha wote. Andika majina. Linganisha na yale uliyotumiwa, maana mtu anaweza kuugua na akaja mwingine usiyemkagua. Naibu akishika kiti, sharti la kuwa mtu wa nje linamfuata yeye. Kamati inaruhusiwa kumwachia mwenyekiti peke yake asikilize, au mjumbe mmoja, lakini mjumbe huyo naye lazima awe wa nje. Kumbe basi ukikuta ni mtu mmoja tu mbele yako, swali lako ni moja: wewe unafanya kazi wapi?

Kama una pingamizi juu ya mtu, liseme mwanzoni kabisa, kabla ya kuingia kwenye jambo lenyewe. Kwa majaji kuna utaratibu rasmi wa kuwakataa, wraking. Kwa kamati hizi Awb haikuweka utaratibu kama huo. Hakuna mtu mwingine atakayeitwa kuamua. Unamwambia mwenyekiti, kamati yenyewe inapima. Ndiyo maana maneno yako lazima yaandikwe. Sema: "Ik verzoek u dit in het verslag op te nemen." Naomba mliandike kwenye ripoti. Ushauri wa kamati kwa sheria lazima uwe wa maandishi na uwe na ripoti ya kikao ndani yake, na ripoti hiyo ndiyo jaji ataisoma baadaye.

Halafu angalia mwisho wa kikao. Nilimsindikiza kijana mmoja wa Bujumbura aliyekuwa anadaiwa arudishe uitkering. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, makini, aliuliza maswali mazuri pande zote mbili. Kikao kikaisha, tukapeana mikono, sisi tukachukua makoti. Mwakilishi wa gemeente akabaki ameketi, anapanga karatasi zake, anazungumza na katibu kuhusu jambo lingine la kazini. Mlango ulikuwa unafungwa nyuma yetu. Nikarudi hatua mbili nikauliza kwa sauti ya kawaida: mwenyekiti, mwakilishi anabaki ndani wakati mnajadili? Mama yule akamgeukia, akamwomba atoke, akamwambia na katibu aandike. Sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu kazini kwake, kwenye jengo lake, na kahawa yake haijaisha. Lakini kamati inapojadili, upande mmoja haukai mezani. Kijana yule aliniambia kwenye basi kwamba hilo ndilo lililompa moyo zaidi ya maneno yote ya kikao.

Baada ya kikao pia kuwa macho. Kamati ikipata habari mpya zenye uzito kutoka gemeente baada ya wewe kuondoka, lazima uambiwe na upewe nafasi ya kuzijibu. Hiyo ni 7:9.

Ushauri ukishatoka

Kamati inashauri. Anayeamua ni college, au chombo kingine kilichotoa uamuzi. Watu wanasherehekea ushauri kana kwamba ni hukumu, kisha wanavunjika moyo. Gemeente inaruhusiwa kutofuata ushauri, ila lazima ieleze kwa nini katika uamuzi wenyewe, na ikutumie ushauri huo pamoja na uamuzi. Sababu ikiwa ni sentensi moja isiyogusa hoja za kamati, umeshapata hoja yako ya mahakamani.

Ukipokea hati hizo mbili, angalia chini. Kwenye ushauri: majina yaliyotajwa ni ya nani, na wanafika watatu? Sheria inaposema kamati inashauri, kamati ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, hata kama aliyekusikiliza alikuwa mmoja. Kwenye uamuzi: nani amesaini? Kifungu cha 10:3 kinakataza mtu aliyetoa uamuzi wa kwanza kwa madaraka ya kukasimiwa apewe tena madaraka ya kuamua pingamizi dhidi ya uamuzi huohuo. Weka uamuzi wa kwanza na uamuzi wa pingamizi ubavu kwa ubavu, tazama saini. Sekunde kumi.

Niseme wazi jambo ambalo baadhi ya watu hawapendi kulisikia. Kamati huru inaweza kukukatalia. Kukataliwa si ushahidi kwamba wamenunuliwa, na posho ya kikao wanayolipwa na gemeente haiwafanyi waajiriwa wake. Hata kuteuliwa na college si kosa. Kanuni nyingi zinasema hivyohivyo. Mtu aliyewahi kufanya kazi gemeente zamani na sasa amestaafu, Awb haimzuii. Nimeona pingamizi nzuri zikiharibika kwa sababu mwenye nalo alitumia muda wake wote kulaumu watu, akasahau kusema kwamba ofisa hakuwahi kuangalia barua ya daktari. Kwa Bibi wa Uvira, kilichomrudishia sehemu ya saa zake ni kwamba uchunguzi wa hali yake haukufanywa ipasavyo. Kubadilishwa kwa mjumbe kulihakikisha tu kwamba hoja hiyo inasikilizwa na watu wasio na kazi ya kuilinda idara. Vyote viwili vina nafasi yake, lakini hoja ya jambo lenyewe ndiyo inayobeba mzigo.

Ukienda mahakamani

Una wiki sita tangu siku inayofuata kutumwa kwa uamuzi juu ya pingamizi. Unakwenda rechtbank, mahakama ya ngazi ya kwanza, na baada ya hapo rufaa: mambo ya uitkering na Wmo yanakwenda Centrale Raad van Beroep iliyoko Utrecht, vibali vingi vya ujenzi na mazingira vinakwenda Raad van State, Den Haag. Kupinga hakusimamishi uamuzi. Kama unakatiwa fedha za kula leo, omba kwa jaji hatua ya muda, voorlopige voorziening, wakati pingamizi bado linaendelea, usisubiri liishe.

Ukitaka kumwambia jaji kwamba kamati haikuwa halali, jiandae kwa kifungu cha 6:22. Kinamruhusu jaji kulipita kosa la utaratibu kama inaonekana hukuathirika nalo. Kwa hiyo usiishie kuandika "mjumbe fulani alikuwa mwajiriwa." Andika kilichofuata: kwamba uliuliza tarehe fulani, ulijibiwa nini au hukujibiwa, ulisema mwanzoni mwa kikao, ripoti inaonyesha hivyo ukurasa fulani, na kwamba hoja yako fulani haikujibiwa kabisa kwenye ushauri ule. Ambatisha barua pepe yako kwa katibu, ukurasa wa kanuni ya mji, na karatasi inayoonyesha kazi ya mjumbe huyo siku ile, iliyochapishwa na tarehe, maana kurasa za intaneti hubadilika.

Na kama ulisaidiwa na wakili katika hatua ya pingamizi, gharama zake unaweza kurudishiwa uamuzi ukifutwa kwa kosa la gemeente, lakini ombi hilo lazima litolewe kabla gemeente haijaamua pingamizi. Liandike kwenye barua yako ya kwanza kabisa, mstari mmoja, hata kama wakili hujampata bado.